Binti Yetu Alipojitungia Shahada

Katika picha yetu ya arusi, iliyopigwa mwaka wa 1993, hakuna anayecheka. Bwana arusi amefunga mdomo, bibi arusi amefunga mdomo, na wasimamizi wao vilevile. Mgeni akiiona ukutani hudhani tulikuwa na huzuni siku ile. Hatukuwa na huzuni hata kidogo. Sisi wote wawili ni wazaliwa wa Meru, upande wa Maji ya Chai, na meno yetu ni ya rangi ya kahawia tangu tulipoota meno ya ukubwani. Tulijifunza mapema kucheka tukiwa tumefunika mdomo kwa kiganja au kwa ncha ya kanga.

Hatukudhani kwamba siku moja meno yale yangeingia katika habari za chuo kikuu. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na tunawaandikia akina mama wenzetu ambao watoto wao wako vyuoni, au wanakaribia kwenda, ili wasikosee pale tulipokosea sisi.

Simu ya Jumapili

Binti yetu wa kwanza aliondoka nyumbani Agosti 2015 kwenda kusoma Marekani. Chuo kilimpa ufadhili wa karo, chumba na chakula. Sisi tulitakiwa kutafuta nauli, bima ya afya na vitabu. Wote wawili ni walimu wa shule ya msingi, na anayeijua mishahara ya walimu hahitaji maelezo zaidi. Tuliuza kiwanja tulichokuwa tumekiweka kwa ajili ya uzee wetu. Ndugu walichanga, jirani walichanga, na shangazi yake akauza ndama. Siku ya kumuaga, kila aliyesimama kusema neno alimwita "daktari wetu". Naye hakukataa. Alikuwa amesoma mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, na kwetu mtoto wa mchepuo huo akifaulu vizuri watu humwona ana njia moja tu.

Jumapili moja ya Machi 2017 alitupigia simu tulipokuwa tumetoka ibadani. "Shikamoo Baba, shikamoo Mama." Tulipoitikia akanyamaza kidogo. Kisha akatueleza kwamba chuo kinamtaka achague fani yake kuu kabla mwaka wa pili haujaisha, na kwamba ameipitia orodha yote, lakini jambo analotaka kulisoma halimo.

"Kwa hiyo nimeomba nijitungie mwenyewe," akasema.

"Ujitungie nini?" baba yake akauliza.

"Shahada, Baba."

"Na mitihani je? Nayo utajitungia?"

Simu ikakatika. Mpaka leo hatujakubaliana kama ni mtandao uliokata au ni kidole cha mtu.

Jambo ambalo hatukulielewa

Tuseme kweli, hasira yetu ilizaliwa na kutojua. Kwetu Tanzania kijana huomba kozi kabla hajakanyaga chuoni. Akichaguliwa kusomea uhasibu, basi ni uhasibu mpaka mwisho, na akitaka kuhama mara nyingi hulazimika kuanza upya. Isitoshe, sisi ni walimu. Tumezoea mtaala unaotoka juu, ukatufikia ukiwa umefungwa vizuri, na kazi yetu ni kuufundisha. Mwanafunzi anayejitungia mtaala tulimwona kama mgonjwa anayejiandikia dawa.

Polepole tulikuja kuelewa jinsi mambo yalivyo kule. Shahada ya kwanza Marekani huchukua kwa kawaida miaka 4, na mwanafunzi husoma kozi kama 40 hivi. Nyingine ni za jumla, ambazo kila mtu husoma. Nyingine ni za hiari. Kati ya zote, kozi 10 hadi 15, au zaidi kidogo, ndizo zinazounda fani kuu, na jina la fani hiyo ndilo watu hulitaja wanapouliza, "Umesomea nini?" Wengi huchagua fani iliyo chini ya idara moja, kama vile historia, uchumi au kemia. Lakini vyuo kadhaa vina mlango mwingine. Mwanafunzi ambaye swali lake halitoshi ndani ya idara moja anaweza kuchukua kozi za idara mbili au tatu, akaziunganisha kuwa fani yake mwenyewe, akisimamiwa na walimu washauri na kuidhinishwa na kamati.

Wala hilo si jambo la jana. Katika chuo kikuu cha Brown, kilichoko Providence, wanafunzi wakiongozwa na Ira Magaziner na Elliot Maxwell waliandika ripoti ndefu juu ya namna masomo yanavyopaswa kupangwa, na mwaka wa 1969 walimu wa chuo wakakubali mfumo mpya uliompa mwanafunzi uhuru mkubwa wa kuchagua. Mwaka wa 1971 chuo cha Evergreen, katika jimbo la Washington, kilifungua milango kikiwa kimeacha kabisa ule utaratibu wa fani za idara. Mwaka wa 1972 chuo kikuu cha New York kilianzisha mpango ambao baadaye ulikuja kuwa shule inayoitwa Gallatin, ambako kila mwanafunzi hupanga masomo yake pamoja na mshauri wake.

Lipo na jambo jingine ambalo lingetupunguzia maumivu kama tungelijua. Marekani udaktari wa binadamu husomwa baada ya shahada ya kwanza. Hakuna fani moja iliyo ya lazima kwa anayetaka kuingia huko, mradi awe amesoma zile kozi za sayansi zinazotakiwa. Kwa hiyo binti yetu hakuwa ameacha udaktari siku ile ya simu, kwa sababu hakuwa hata ameuanza. Tungemwuliza, angetuambia. Hatukumwuliza.

Miezi ya kimya

Baada ya simu ile nyumba yetu iligawanyika. Simu ikilia, Baba alikumbuka kwamba kuna mbuzi hajafungwa, akatoka. Mama alizungumza na mtoto nyuma ya jiko, kwa sauti ya chini, kama mtu anayefanya kosa. Tulikuwa tumezoea kusema "sisi tumeamua" na "sisi tunaona". Miezi ile neno "sisi" lilituwia gumu.

Na nje ya nyumba tulifanya vibaya zaidi. Watu walipotusimamisha mlangoni pa kanisa wakauliza, "Daktari wetu hajambo?" tulijibu, "Hajambo, anawasalimu." Wote wawili tulijibu hivyo. Katika jambo hilo tu ndimo tulimobaki tukipatana. Tulijua waliochanga walichangia daktari, nasi hatukuwa na jina jingine la kuwapa. Ungemwambiaje shangazi aliyeuza ndama kwamba mtoto anasoma kitu kisicho na jina?

Usiku mmoja Mama alijaribu kumsimulia Baba habari aliyoipata kwa binti yetu. Kuna Mmarekani mmoja, Will Shortz, aliyependa mafumbo ya maneno tangu utoto. Alipokuwa na miaka 14 aliuza fumbo lake la kwanza kwa gazeti la vijana la kanisa. Alipofika chuo kikuu cha Indiana alikuta utaratibu huo wa kujitungia fani, naye akajitungia elimu ya mafumbo. Mwaka wa 1974 akapata shahada yake, ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

"Vitendawili," Baba akasema. "Mtu mzima. Halafu alikula nini?"

Mama akaendelea. Baadaye alisoma sheria, akamaliza mwaka wa 1977. Lakini sheria hakuifanyia kazi. Alirudi kwenye mafumbo yake, na mwaka wa 1993 akawa mhariri wa mafumbo ya maneno katika gazeti la New York Times, kazi ambayo wapenda mafumbo wengi huiota.

Baba alimega ugali, akafikiri. "Kumbe alikuwa na sheria ya akiba," akasema. Hakusema neno jingine usiku ule. Lakini maneno hayo tutayarudia, kwa sababu hayakuwa ya kijinga.

Andiko lililorudishwa

Mwezi wa Mei binti yetu alitutumia andiko lake, yaani zile kurasa alizoipelekea kamati kuomba ruhusa. Alitutumia pamoja na maoni ya kamati. Tulikwenda mjini kuzichapa kwenye karatasi. Baba alivaa miwani akaketi mezani, na kwa mazoea tu akachukua kalamu nyekundu.

Kichwa cha andiko kilikuwa: Maji, Afya na Maisha ya Nyumbani. Swali lake lilikuwa hili: kwa nini watu wanaojua kwamba maji yao yana madhara huendelea kuyanywa hata baada ya kuletewa dawa yake? Na mfano alioutoa ulikuwa wa kwetu. Ulikuwa wa nyumba ya bibi yake.

Wasomaji wa Arusha na Meru mnalifahamu jambo hili, lakini kwa ajili ya wengine tueleze. Maji ya sehemu nyingi za kwetu, kwa sababu ya miamba ya volkano, yana madini mengi ya floraidi. Kwa kiasi kidogo madini hayo hulinda meno. Yakizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, na visima na vijito kadhaa vya kwetu huzidi hapo mara nyingi. Mtoto akiyanywa maji hayo meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, yaani mpaka umri wa miaka 8 hivi, yataota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Kiasi kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi, hata mifupa huumia. Na kuchemsha hakusaidii. Huua vijidudu, lakini floraidi hubaki humo humo.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kwa miaka mingi kimeshughulika na njia ya kuyasafisha maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi. Bibi, mama yake Baba, aliwahi kuletewa chujio la namna hiyo na watu wa mradi fulani. Lilikuwa ndoo nzuri yenye bomba. Walimfundisha, wakapiga picha, wakaenda. Baada ya mwezi ndoo ile ilikuwa na unga wa mahindi.

Binti yetu aliandika kwamba mkemia anajua jinsi mkaa unavyofanya kazi, lakini hajui habari za unga. Mganga anajua meno na mifupa. Anayesoma mila na maisha ya watu anajua kukaa na mtu mpaka aseme lililo moyoni, lakini hajui kupima maji. "Nataka kujifunza kwa wote watatu," aliandika, "kwa sababu ndoo ya Bibi iko katikati yao."

Tulisoma kimya. Kisha tukafika kwenye maoni ya kamati, na hapo ndipo tulipostaajabu. Kamati haikumpigia makofi. Ilimrudishia andiko. Ilisema orodha yake ya kozi 19 ni pana mno na inaonyesha mtu anayetaka kula kila kilichopo mezani. Ilimtaka aondoe kozi 5 na aeleze kwa nini anaziondoa. Ilimwambia kwamba ameepuka kozi ngumu ya kemia ya vipimo na kozi ya takwimu, na kwamba bila hizo hakuna fani. Ilimtaka apate walimu washauri wawili kutoka idara mbili, watakaokubali kwa saini zao. Mwisho ilimwuliza: ukimaliza, utamwelezaje mwajiri kwa sentensi moja ulichosomea?

Baba aliweka kalamu nyekundu chini. Hakuwa ametia hata alama moja.

"Kumbe wanasahihisha," akasema.

Jumapili iliyofuata simu ilipolia, hakukumbuka mbuzi. Aliipokea yeye. Hakuomba radhi, maana wazee wa kwetu huomba radhi kwa njia nyingine. Alimwuliza, "Hiyo kozi ya takwimu umeiweka muhula gani?" Nyuma ya jiko Mama alisikia, akamshukuru Mungu. Andiko la pili lilikubaliwa mwezi wa Oktoba.

Jikoni kwa Bibi

Kati ya masharti ya fani ile ilikuwemo kazi ya mwisho, utafiti wa mwanafunzi mwenyewe. Kwa ajili hiyo chuo kilimpa nauli, naye akaja nyumbani Juni 2018. Tulidhani atakwenda na vyombo vya kupimia maji. Alivyo navyo, ndiyo, na alichukua maji katika chupa ndogo kwa ajili ya maabara. Lakini muda wake mwingi alikaa jikoni kwa Bibi, na kwa wanawake majirani, akichambua mboga na kusonga ugali, na daftari lake kando.

Habari ya ndoo ilijibiwa siku ya kwanza. Bibi alisema, "Mifupa ni ya mbwa. Nitawapaje wageni maji yaliyopita kwenye mifupa?" Wale wa mradi hawakuwahi kumwuliza, walimweleza tu.

Jambo la pili lilikuwa magadi. Watafiti walikwisha kuonyesha zamani kwamba magadi tunayotia katika makande na maharage huwa na floraidi nayo, tena nyingine nyingi sana, kiasi kwamba hata mahali penye maji mazuri watoto wanaweza kuota meno ya kahawia. Sisi tulilijua hilo. Kwa miaka mingi tumewafundisha watoto darasani: "Waambieni mama zenu waache magadi." Tumeliandika ubaoni kwa mkono wetu.

Binti yetu hakumwambia Bibi aache. Alimwuliza kwa nini anayatia. Bibi alimtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyechelewa kuelewa.

"Mjukuu wangu," akasema, "magadi si ujinga. Magadi ni kuni."

Akaeleza. Makande yasiyo na magadi hukaa motoni tangu asubuhi hadi jua lielekee kushuka. Yenye magadi huiva upesi. Tofauti yake ni mzigo wa kuni. Na mzigo wa kuni ni mgongo wa mwanamke, au ni fedha. Anayemwambia mwanamke aache magadi anamwambia akaongeze kuni, bila kumwambia zitoke wapi.

Tulikuwa tumesimama mlangoni. Binti yetu aliandika maneno yale katika daftari, kisha akaweka kalamu chini. Nasi tulitazamana. Zaidi ya miaka 20 tulikuwa tumefundisha somo lile, na hatukuwahi kumwuliza mwanamke hata mmoja, hata mama yetu, kwa nini anatia magadi. Tulikuwa na mtaala.

Mwezi wa Mei 2019 alimaliza. Nauli ya kwenda kumwona hatukuwa nayo, tulitazama katika simu. Picha yake ya siku ile iko ukutani kando ya ile ya arusi yetu. Amevaa joho, anacheka, na meno yake ya kahawia yanaonekana yote.

Gharama yake

Ingekuwa vizuri tuishie hapo, lakini tungekuwa tunawadanganya. Shahada ya kujitungia ina gharama, na alizilipa.

Aliporudi alihitaji shahada yake itambuliwe hapa nchini. Katika ofisi moja karani aliisoma mara mbili, akauliza, "Hii ni kemia, ni afya, au ni nini?" Matangazo ya kazi yalitaka "mwenye shahada ya kemia" au "mwenye shahada ya afya ya jamii". Yeye hakuwa na jina lolote kati ya hayo. Alikaa nyumbani miezi tisa. Jioni tulimwona akiandika barua, akieleza kozi moja baada ya nyingine, na Baba akisahihisha Kiswahili chake kwa ile kalamu nyekundu. Mshauri wake mmoja aliandika barua ya kumtambulisha. Mwaka wa 2020 mradi mmoja wa maji ulimchukua kwa mkataba mfupi, kwa sababu msimamizi wake alichoshwa na ndoo zinazogeuzwa za unga. Baadaye akasoma shahada ya pili katika afya ya jamii, jina ambalo kila mwajiri analijua. Ndiyo ile "sheria ya akiba" aliyoisema Baba. Aliyejitungia fani ya kwanza, ni busara ya pili iwe na jina linalojulikana.

Daktari hakuwa. Na sisi tulikuwa na deni la maneno. Siku moja tulijikaza, tukaenda kwa shangazi. Tulimweleza yote, tangu simu ya kwanza, na jinsi tulivyomwambia kwa miaka miwili kwamba daktari hajambo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi ndama wangu alikwenda majini," akasema. "Si haba. Ng'ombe naye hunywa." Tulicheka. Kisha akakunja uso. "Lakini mlinidanganya ninyi, si mtoto. Mtoto hakunidanganya." Hatukuwa na la kujibu. Tuliomba radhi, kwa maneno kabisa safari hii, naye akatupokea.

Maswali ya kumwuliza mtoto

Mama mpendwa, huenda wewe pia siku moja utapigiwa simu kama ile. Huenda isiwe Marekani. Siku hizi hata vijana walio katika vyuo vya karibu huleta habari za kuhama kozi au kuchanganya masomo ambayo sisi hatukuyasikia. Hatuwaambii mkubali kila jambo. Wapo vijana wanaokimbia somo gumu na kuliita kimbilio lao uhuru. Lakini kabla ya kukasirika, ulizeni. Haya ndiyo maswali ambayo tungependa tungeyauliza Machi ile:

Swali lako ni lipi hasa, na kwa nini idara moja haitoshi kulijibu? Asiye na swali hana haja ya fani mpya.

Ni walimu gani waliokubali kukusimamia, na je, wametia saini? Mtoto asiye na mshauri yuko peke yake porini.

Umeondoa kozi zipi, na umeongeza zipi zilizo ngumu? Orodha yenye vyepesi tu hujisema yenyewe.

Kamati ikikataa, utarudi katika fani gani ya kawaida bila kupoteza mwaka?

Mwajiri akikuuliza, utamwelezaje kwa sentensi moja? Na mlango upi una jina linalojulikana, ambao unaweza kuuingia baadaye?

Akiweza kuyajibu, msikilize. Asipoweza, usimkatie simu. Mpe muda akayatafute majibu, kama kamati ilivyompa binti yetu.

Nasi wazazi tuna swali letu: tutawaambia nini waliotusaidia? Waambieni kweli mapema. Mtoto anaweza kusoma kitu kisicho na jina, lakini uongo wa wazazi wake watu huupatia jina upesi.

Siku hizi kwetu makande hupikwa kwa namna nyingine. Usiku Mama huloweka mahindi na maharage kwenye sufuria kubwa, na asubuhi humwaga maji hayo na kubandika bila magadi. Yakiwa yamelala majini hayamalizi kuni kama zamani. Ya kupikia na ya watoto wadogo tunatumia maji ya mvua, ambayo hayana shida hiyo, kwa kadiri tangi linavyoruhusu. Bibi alikataa kwa mwaka mzima, akisema makande yetu hayana utamu. Kisha Jumamosi moja tulimkuta ameloweka. Hatukusema neno.

Ndoo ya mradi bado ina unga.